Mkono wa Mama Mkwe

Siku niliyomfahamu Elikana Ntahondi nilimcheka. Mtu mzima, fundi mitumbwi mwenye mabega ya kubeba mbao za mninga peke yake, alikuwa amejibanza nyuma ya mapipa ya mafuta pale mwaloni Kibirizi akimkimbia bibi mmoja mwembamba aliyeshuka kwenye boti na kikapu cha dagaa. Nilijua ni jirani yangu mpya wa Ujiji, aliyepanga chumba nyuma ya cherehani yangu, lakini tulikuwa hatujazungumza.

"Umemfanya nini bibi wa watu?" nikamuuliza.

"Nyamaza, jirani. Ni mama mkwe wangu."

Bibi alipofika usawa wa mapipa akaweka chini furushi dogo lililofungwa kwa jani la mgomba, akapita bila kugeuka. Elikana akangoja mpaka amepotea kwenye watu, akatoka, akaliokota. Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamuuliza mkewe yuko wapi, mbona yeye hakutumwa kuleta samaki wa mama yake. Akasema mke alishafariki. Nami badala ya kumpa pole nikasema, sasa kama mke hayupo, mkwe wa nini?

"Matanga hayajaanuliwa," akasema, akaondoka na furushi lake.

Nilikuja kuelewa kidogo kidogo, maana Elikana hakuwa mtu wa kueleza. Kwa watu wa mkewe, kule kijijini Mwamgongo, mume hampi mkono mama wa mkewe. Hali naye chakula, hamtazami usoni, na akiwa na kitu cha kumpa anakiweka chini, anarudi nyuma, mama anaokota. Hiyo ni heshima, na inadumu maisha yote. Mke akifa, siku ya kuanua matanga mfiwa anasimama mbele ya mama wa marehemu, na mama anamshika mkono. Akishamshika, yamekwisha. Yule si mkwe tena, anaweza kuoa popote, na mama anarudi kwenye shughuli za watu.

Elikana hakuungoja mkono huo. Usiku wa kuamkia siku hiyo alipanda milimani kwa miguu akaja mjini, na tangu hapo hakurudi Mwamgongo. Kila boti iliyokwenda kule ilibeba kitu chake kwa mkwe wake, mama Honorata: sabuni, chumvi, doti ya kitenge. Na kila mara alimsisitizia mwenye boti, "Usimpe mkononi. Mwekee chini, mwambie ni mimi." Bibi naye akatuma dagaa kwa mtindo huohuo. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, lakini hakuimba tena wala hakuonekana harusini, kwa sababu msiba wa mwanawe ulikuwa bado uko wazi. Wawili wale waliheshimiana kuvuka maji kana kwamba Dainess, yule mke, bado yuko jikoni anapika.

Dainess alifia ziwani. Alishikwa na uchungu, zahanati ikasema apelekwe mjini, Elikana akakodi boti. Injini ikazima mbele ya milima ya Gombe. Sasa, mtu asiyelijua ziwa letu atasema wangewaita wavuvi. Giza likiwa nene ungeona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa mpaka karibu na Kongo, na ukipiga kelele huchukui muda kabla mtu hajakufikia. Lakini ile ilikuwa mbalamwezi. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hulala kwao na nyavu zimeanikwa. Elikana aliniambia maji yalionekana yote, meupe, na hakukuwa na mtu hata mmoja. Alipiga kasia kwa ubao wa kukalia. Dainess alikata roho na mtoto akiwa tumboni, na Elikana akaigeuza boti akamrudisha kwao.

Mwaka jana mama mwingine wa kule alikufa njiani vilevile. Ndipo watu wa makanisa na misikiti, pamoja na watumishi wa mjini, wakaanzisha mashindano ya kuchangisha fedha za boti ya wagonjwa. Kila timu iwe na watu wanne: wakimbie kutoka Ujiji hadi Gungu, wapande baiskeli hadi Mwandiga na kurudi Kibirizi, kisha wapige kasia hadi Mwamgongo. Wafadhili walitoa ahadi zao kwa sharti moja, kwamba timu ifike na watu wake wote wanne. Akipungua mmoja, ahadi ya timu hiyo imekufa. Na tarehe ilipangwa siku za mbalamwezi, kwa sababu wakati huo ndipo boti za wavuvi zinakuwa huru kutusindikiza. Niliposikia sababu hiyo nilimfikiria Elikana.

Timu yetu tuliiita Migebuka, kwa jina la samaki wa ziwa letu. Alikuwepo Bariki, dereva bodaboda wa Gungu aliyeamini kwamba anayejua pikipiki anajua baiskeli. Alikuwepo Jonathan, afisa ardhi aliyehamishiwa kwetu kutoka Njombe, mtu mpole asiyejua kuogelea, aliyevaa jaketi la kuokolea hata kwenye mazoezi ya mbio. Nilikuwepo mimi Winfrida, fundi cherehani, ambaye kazi yangu ni kukaa. Tulikuwa tunatafuta wa nne, na sikuthubutu kumgusia jirani. Akaja mwenyewe, akasimama mbele ya cherehani akiwa na mavumbi ya mbao kichwani.

"Niandike," akasema.

"Unajua mwisho ni wapi?"

"Najua, jirani. Niandike kabla sijaghairi."

Akauunda mtumbwi wetu mwenyewe, akayaziba maungio yake kwa pamba mpaka hauvuji hata tone. Usoni huwezi kusoma kitu. Ila nilimsikia akimpanga Bariki: tukifika kule, wewe ndiye utakayeshuka kwanza, wewe ndiye utakayesalimia, mimi nitabaki nikifunga mtumbwi.

Siku ikafika. Mbio tulizimaliza vizuri, mimi nikiwa nimejikaza kisabuni huku wanafunzi wangu wa ushonaji wakinizomea njiani. Baiskeli zilitunyoosha. Kile kilima cha Mwandiga kilimshusha Bariki akakokota foneksi yake kwa miguu, na madereva wenzake wa bodaboda wakamfuata wakimuuliza kama anataka abiria. "Noma, dada Wini," akaniambia, "mafuta yameisha." Tulicheka mpaka Kibirizi. Elikana alicheka pia, nikadhani mambo yatakuwa mepesi.

Ziwani nilikaa nyuma yake. Mgongo wake ulipiga kasia kwa mwendo mmoja na sisi tukaufuata. Ziwa lilikuwa shwari, boti ya kutusindikiza ikitambaa pembeni, Jonathan akiomba Mungu kwa sauti ya chini. Milima ya Gombe ikaanza kutupita upande wa kulia. Ghafla mgongo ule ukasimama. Kasia likabaki juu, maji yakichuruzika.

"Kaka Eli, freshi?" Bariki akauliza.

"Hapa ndipo injini ilipozima," akasema Elikana.

Jonathan akavua kofia. Tukaanza kusukumwa pembeni, maana upepo wa mchana ulikuwa umeanza kutoka upande wa Kongo.

"Geuzeni," akasema. "Siwezi kwenda. Nisameheni."

Wale wa boti ya kusindikiza wakasogea. "Mmeshindwa? Tuwarushie kamba?" Tukishika kamba, tumetoka kwenye mashindano. Bariki akanitazama, Jonathan akanitazama. Mimi sina maneno laini, sikuzaliwa nayo, na hasira zilinipanda kwa sababu nilikuwa namhurumia mno.

"Elikana," nikasema, "yule mama ni mzee. Unataka afe hajaimba? Miaka yote hii amekushikia msiba wako na wake. Wewe unakimbia, yeye anakimbilia wapi?"

Hakugeuka. Nikajuta kusema, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Watu wa boti wakauliza tena. Ndipo Elikana akasema, "Nikishikwa mkono ule, jirani, sina kitu tena cha Dainess. Mtoto tulimzika naye. Nilichobaki nacho ni huu ukwe."

Niliweka mkono mgongoni kwake, palipolowa jasho, nikauacha hapo. Mawimbi yakaanza kugonga ubavuni. Kisha akawapungia wale wa boti. "Bado," akawaambia, akatia kasia majini.

Mwamgongo wote ulikuwa pwani, na wageni wa mjini waliotutangulia kwa boti wakiwa na vuvuzela. Ilitakiwa kila timu imkabidhi kasia mtu mmoja aliyechaguliwa na kijiji. Hatukuambiwa ni nani. Tulipokaribia tukamwona, amevaa kitenge kilichonyooshwa vizuri, amesimama mbele ya watu wote. Mama Honorata. Bariki alikuwa wa kushuka kwanza, lakini miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, akaanguka majini. Elikana akaruka kumwinua, na alipoinuka alikuwa ameshatoka mbele yetu sote, kasia mkononi.

Akainamisha macho. Akaliweka kasia mchangani, akarudi nyuma hatua chache, akangoja mama aliokote.

Mama hakuliokota. Alilizunguka lile kasia, akaja mpaka mbele yake, akanyoosha mkono. Elikana akaficha mikono yake nyuma, kama mtoto anayekataa dawa.

"Mukwe wanje," mama akasema taratibu, akimwita mkwe wangu kwa lugha ya kwao. "Nimechoka kungoja."

"Mawe, mama yangu, nakuomba. Usinishike."

Mama akapitisha mkono nyuma ya mgongo wa Elikana, akautafuta mkono wake, akauleta mbele. Akaushika kwa mikono miwili.

"Dainess amekufa, mwana wanje," akasema.

Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia sentensi hiyo. Watu humwambia pole, humwambia Mungu anajua. Elikana alitoa sauti ambayo sijaisikia kwa mwanaume, akapiga magoti pale pale kwenye maji madogo, na mama akapiga magoti naye bila kumwachia mkono. Wageni wa mjini wakashangilia, vuvuzela zikalia, wakadhani ni furaha ya ushindi. Wenyeji walinyamaza wote. Wanawake wakavua viatu, kama msibani. Jonathan alikuwa anapiga makofi, nikamshika mikono nikaiteremsha.

Walipika ugali na dagaa wa mawese. Mama Honorata akamkalisha Elikana pembeni yake, sahani moja. Hakuweza kula. Mama akamega tonge, akalichovya, akamwekea kiganjani, akamwambia ale, naye akala huku machozi yanaingia kwenye chakula. Baadaye wanawake wa kwaya wakaanza wimbo, wakawa wanamtazama bibi. Aliingia kwenye ubeti wa pili, kwa sauti iliyokwaruza.

Boti ya wagonjwa ipo sasa, imefungwa kule Mwamgongo, na Elikana ndiye anayeikagua. Huenda na kurudi. Vitu vya mama huvipeleka mwenyewe na kumkabidhi mkononi.

Lakini mimi nakumbuka jioni ile tukirudi Kibirizi, Bariki na Jonathan wamelala kwenye nyavu, na mwezi umeshaanza kupanda juu ya milima. Elikana alikuwa anautazama mkono wake wa kulia.

"Jirani," akaniuliza, "sasa mimi ni nani kwa yule mama?"

"Si amekuita mwanawe? Nimesikia kwa masikio yangu."

"Ndiyo," akasema. "Lakini nilikuwa mkwe wake."