Kizibo Cheupe

Gunadasa, mwenye mashimo ya vito kule Ratnapura, alimwendea mwalimu wa Kichina ili awauzie Wachina mawe bila dalali. Walipatana upesi: mwalimu amfundishe bure, naye avute maji kwenye shimo lake lililomfukia kaka yake mwalimu. Rahisi hiyo, aliwaza, pampu anayo.

Mwalimu alifundishia vizibo vya soda mezani kwa Gunadasa. Chekundu kinaamuru, cheupe kinatumwa. “Wachina wanatanguliza neno la kuamuru, kisha anayetumwa, kisha kazi yake,” alisema kwa sauti yake kavu. “Sisi Wasinhala yote tunayabana kwenye kitenzi mwishoni.” Kila mara kidole chake kilikisukuma kile cheupe hadi ukingoni mwa meza, kikakidaka kabla hakijaanguka.

Shimo lilipokauka, wachimbaji walileta mifupa na kandambili moja. Mwalimu alivifunga kwenye kitambaa, akapanga vizibo.

“Haya tajiri, sema: nilimlazimisha kaka yako ashuke na mvua inanyesha.”

“Alishuka mwenyewe, mwalimu. Tulishayamaliza hayo.”

“Mnunuzi wako anafika kesho, na kukataa bei bado hujui. Sema, tuendelee.”

Gunadasa akaisema sentensi hiyo kwa Kichina. Mwalimu akamsahihisha lafudhi, kama kawaida.

“Sasa kwa Kisinhala.”

Kizibo cheupe kilikuwa ukingoni, na safari hii kidole hakikukidaka. Kilipogonga sakafu, Gunadasa akaisema.

Jioni ile Gunadasa alijua kukataa bei kwa Kichina. Mwalimu aliondoka na kitambaa chake.