Mtungi wa Hewa Sebuleni kwa Mama

Mji wetu wa Eldoret unajivunia hewa haba. Watu hupanda ndege kutoka nchi za mbali waje kukimbia huku juu ili mapafu yao yapate adabu. Mimi, mzaliwa wa hapa, mwalimu wa jiografia ambaye hata kukimbilia kengele ya shule hunishinda, nilikwenda nikaleta hewa kutoka Mombasa, imefungwa ndani ya mtungi wa chuma, nyuma ya gari la shemeji yangu. Shemeji aliniuliza njia nzima kama nina akili timamu. Hata mimi nilikuwa sijui.

Ugonjwa wa kupenda kupiga mbizi ulinipata kwenye semina ya walimu huko pwani. Wenzangu walienda kununua achari na leso. Mimi nikajaribu kuzama katika bwawa la hoteli, mtungi wa hewa mgongoni, na sikutoka mpaka nilipoitwa kula. Tangu hapo kila likizo nashuka pwani. Nilinunua hata regulata yangu, mtumba, yaani kile kifaa kinachotoa hewa kwenye mtungi na kukuletea mdomoni kwa kiasi unachoweza kupumua. Ilikuwa imechakaa lakini ilikuwa yangu.

Likizo iliyopita regulata hiyo ikanisaliti. Au nilijisaliti mwenyewe, na hapo ndipo palikuwa na shida. Tulikuwa chini ya bahari, karibu tumalize, nikavuta pumzi ikaja kwa kusuasua. Nikavuta tena, ikawa nzito zaidi. Nilimkamata mkufunzi wangu mkono kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano, tukapanda juu. Kwenye mashua alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda hata kidogo.

"Yawezekana ni regulata, mwalimu," alisema, "na yawezekana ni roho. Regulata twaweza kubadilisha. Roho siiwezi."

Akaniazima regulata mpya, ya kisasa, pamoja na mtungi uliojaa. Akaniambia nikazilinganishe zote mbili katika bwawa la hoteli moja kwetu. Nikiona tofauti, ninunue mpya. Nisipoona, basi mwoga ni mimi, na bahari itabidi iendelee bila mimi. Niliona aibu njia nzima hadi nyumbani. Kitu nilichokipenda kuliko vyote sasa kilikuwa kinaning'inia kwenye mtungi mmoja tu, kwa sababu Eldoret sikumjua yeyote wa kuujaza tena. Jamaa mmoja wa pancha alijitolea. "Leta tu, mwalimu, nitakuwekea upepo kama ya lori." Nilimshukuru nikaondoka upesi.

Kosa langu lilikuwa kulala kwa mama, kijijini Chepsaita, siku moja kabla ya kwenda bwawani. Mama hajawahi kuipenda hii kazi ya kuzama. "Sisi tumekunywa maji ya dam maisha yote," husema, "na hakuna mtu alitaka kujua chini kuna nini." Nilikuwa nimemwambia kwamba safari ya mwisho nilishtuka kidogo. Akasema hiyo ni ishara, niache.

Hata hivyo, kwa mama kitu kipya hakitumiki kabla hakijaombewa. Pikipiki iliombewa, tangi la maji likaombewa, ng'ombe wa gredi aliombewa mpaka akalala. Basi Jumamosi mchana nikakuta akina mama wa ushirika wa kanisa wamejaa sebuleni, wanauzunguka mtungi wangu. Nadhani mama alitarajia waombe niache.

"Ndani kuna nini?" mwenyekiti wao aliuliza.

"Ni hewa tu, Mama."

"Ya wapi?"

"Ya Mombasa."

Hapo niliharibu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Mombasa, na sasa Mombasa ilikuwa imekuja yenyewe na kukaa kando ya kabati la vyombo. Ikabidi nifunge regulata mpya kwenye mtungi wajaribu. Ilizunguka mdomo hadi mdomo kama kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mkimbiaji anapopokelewa uwanja wa ndege, kila mmoja akiipangusa kwa ncha ya leso.

"Haina chumvi," alisema wa kwanza, amevunjika moyo.

"Ni kavu. Hii inataka chai."

"Mimi nasikia samaki, aki!"

Wengine walirudi mwisho wa foleni wakijifanya hawajaonja. Nilijaribu kueleza kwamba hewa yenyewe ni ya kesho, ya kulinganisha hii na ile yangu ya zamani, wakaniambia nisiwe mchoyo.

Kisha maombi yakaanza. Mwenyekiti aliishika regulata kwa mkono wa kulia, na kidole gumba chake kikatua juu ya kile kitufe cha mbele ambacho ukikibonyeza, hewa hutoka yenyewe. Ilitoka kwa kishindo. Vitambaa vya makochi vilipeperuka. Akina mama wakapaza sauti, "Amina!" na mwenyekiti, kwa kuguswa, akabonyeza zaidi. Akaombea mvua, akaombea mahindi, akaombea viongozi wetu, ambao nao wana mahitaji mengi. Nilifungua jicho moja nikaona mshale wa geji, kile kipimo cha hewa iliyobaki, unashuka. Kukatiza maombi ya mwenyekiti ndani ya nyumba ya mama ni kujitafutia pa kulala kwingine. Basi nami niliomba, kwa dhati kabisa, amina ya mwisho ifike.

Ilipofika, mshale ulikuwa umegusa nyekundu. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Jaribio langu lote lilikuwa limepeperusha vitambaa.

"Sasa lete hiyo ya zamani tuone tofauti," mwenyekiti akasema, ametulia kabisa.

Niliifunga kwa hasira. Mmoja akavuta, akakunja uso. "Hii ni ngumu." Wa pili akavuta, akashika kifua, akaipitisha haraka. Nilidhani wananionea huruma tu.

Mama, ambaye muda wote alikuwa jikoni akikataa kuiona, alitoka akijifuta mikono. "Nipe." Akaitia mdomoni, akavuta. Macho yalimtoka. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikasimama, akaichomoa. Nikamfungia ile mpya, kwenye hewa ileile kidogo iliyobaki. Alivuta mara moja, mara mbili, polepole, kama amekaa barazani.

Ndipo nilipoelewa. Ile ya zamani huwa nzito mtungi unapokaribia kwisha, kama ulivyokuwa siku ile baharini. Bwawani, na mtungi uliojaa, nisingeona tofauti yoyote, na ningerudi nyumbani nikijiita mwoga maisha yangu yote. Nilitaka kumkumbatia mwenyekiti. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

Mama hakucheka.

"Hii ngumu ndio ulikuwa nayo chini ya maji?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ukaniambia umeshtuka kidogo."

Akina mama wengine wakaanza kutafuta mikoba yao. Mama aliishika ile ya zamani, akaiangalia ndani pale pa mdomo, nami nikangoja aseme sasa basi, imetosha.

"Nunua hiyo laini," alisema. "Na siku ya kuingia kwa maji usiniambie. Niambie ukishatoka."