Yupo Tu Nyumbani

Kuna watu hufanya kazi mpaka mgongo unalia, na bado nyumba nzima inaamini wanapumzika. Mhariri wetu alikuwa mmoja wao. Hakuwa na ofisi wala bosi. Alichukua miswada ya watu, akajifungia nayo kwenye chumba kidogo kando ya jiko, akaisoma, akainyoosha, akairudisha ikiwa na adabu. Meza yake ilikuwa cherehani ya zamani iliyolazwa ubao juu, na kiti kilikuwa na mto, kwa sababu zinazoeleweka.

Ila kwa vile hakutoka asubuhi na mkoba begani, watu walimhesabu kuwa yupo tu. Fundi bomba anakuja kwa jirani? Ufunguo uachwe pale, si yupo tu. Mzigo wa shemeji umefika? Upelekwe pale pale. Na aliyelipenda neno hilo kuliko wote ni mama mkwe wake, mkunga mstaafu aliyekuwa akiishi nao, mama mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kutoa na mdomo mwepesi zaidi.

Siku moja Mama huyo akaandika kitabu cha maisha yake, akampa mkamwana wake akitazame. Kilikuwa kitamu, tusidanganyane. Watoto waliozaliwa kwenye ngazi, akina baba waliozimia mlangoni, yote yamo. Mhariri alikisoma huku akicheka peke yake, mpaka akafika sura ya familia, na hapo kicheko kikamkauka. Mama alikuwa ameandika kwamba mke wa mwanawe ni mtu mwema, hana neno na mtu, ila kazi hana, yupo tu nyumbani na kompyuta yake.

Aliumia, jamani. Kusemwa sebuleni unazoea. Lakini kitabu kitasomwa na ukoo mzima, na wajukuu, na watoto wa wajukuu, na yeye atabaki humo milele, yupo tu. Na faili lenyewe liko mikononi mwake! Angebonyeza mara moja tu, maneno yale yangekwenda na maji, na Mama asingejua yalikopotelea.

Hakuyafuta. Wahariri wa kujitegemea wa mji ule walikuwa na kundi lao la simu, humo wakilia, wakitaniana na kupeana kazi, na walikuwa na mwiko mmoja: maandishi ya ndugu yako huyagusi. Unampa mwenzako, nawe unambebea ya ndugu yake. Basi akampelekea muswada jamaa waliyembandika jina la Mkasi. Mkasi naye akamtwisha kitabu cha mjomba wake kuhusu ufugaji wa nyuki, kitabu ambamo mjomba kila akimaliza mzinga aliingiza malalamiko juu ya mke aliyemkimbia.

Mkasi hakuwa na huruma. Muswada ulirudi kwa Mama umejaa maswali pembeni, na Mama akavimba. Alimlalamikia mkamwana wake kwamba huyo kijana hana malezi, anathubutu kumwuliza mkunga mzima kama kweli aliyaona aliyoyaandika. Mhariri aliitikia tu ndiyo Mama, ndiyo Mama, akarudi kwa nyuki wake roho juu, maana sura ya familia ilikuwa bado haijatajwa.

Asubuhi iliyofuata Mama aliingia chumbani bila hodi, miwani usoni, kiti cha jikoni mkononi. Akakiweka nyuma ya mkamwana wake, akakaa.

"Yule mkorofi wenu kaniuliza mchana kutwa unafanya nini," alisema. "Nimeona sina jibu. Wewe fanya, mimi natazama."

Hebu fikiria kufanya kazi huku mama mkwe anakupumulia kisogoni. Akasoma aya ya mjomba kwa sauti, akaivunja, akaiunga, akaisoma tena. Akampigia mjomba simu, akambembeleza weee, mpaka mzee akakubali mkewe atolewe kwenye sura ya asali. Mara hodi, jirani kaleta ufunguo. Aliporudi mawazo yameshamtoka, akaanza aya upya. Mara hodi, mzigo wa shemeji. Akaanza upya tena. Mama akauliza kama ni hivi kila siku, akaambiwa leo ni afadhali.

"Nikiwa na mzazi mwenye uchungu kitandani," Mama alisema polepole, "nani angethubutu kuniita nipokee mzigo?"

Mhariri aliikodolea macho aya ile ile. Alijua akifungua mdomo atalia.

Hodi ikapigwa tena. Alipojiinua, mkono mzito wa kikunga ukamrudisha kitini, na Mama akaenda mwenyewe mlangoni. Kumbe ni shemeji mtu, kitinda mimba wa Mama, mwenye mzigo ule. Alikuwa na haraka ya kwenda ofisini, akaomba mke wa kaka akamsimamie fundi nyumbani kwake mpaka jioni, maana si yupo tu.

"Nani kakwambia yupo tu?" Mama alimwuliza. "Yuko kazini. Na mzigo wako huu hapa, beba."

Mlango ukafungwa. Mama aliporudi chumbani alimkuta mkamwana wake anafuta macho kwa kiganja, huku anacheka.

"Nini sasa?" alisema. "Endelea. Huyo mke wa mjomba tumeshamtoa, nyuki tumewaacha wapi?"

Akaendelea. Nyuma yake Mama alichukua penseli, akaanza kuiandika upya sura ya familia, akaeleza alichokiona kwa macho yake. Kila baada ya kitambo alimgusa begani amwulize jambo, kisha akaurudisha mkono haraka na kujikemea kwa sauti ya chini kwamba anamkatiza mtu kazini.