Betri Mapajani mwa Mama

Kamera ya dada ilizima tena. Kioo kilikuwa na mwanga, kisha hakikuwa nao, bila onyo lolote. Nilibaki nimechuchumaa kwenye jiwe bapa lenye mteremko, juu kidogo ya nyumba yetu, Ilemela, nikiwa na kidole kwenye kitufe kisichojibu, na nyota zote zikiwa mahali pake kana kwamba hakuna kilichoharibika.

"Imezima?" dada aliuliza kutoka chini.

"Imezima."

"Washa."

"Haiwaki."

Nikamsikia akipanda, ndala zake zikikwaruza mwamba. Zilikuwa zimebaki siku chache tu mwezi upatwe, na sisi tulikuwa tumeshamwahidi mama.

Mama alikuwa akipoteza macho kidogo kidogo, kwa namna ambayo sisi wanawe tulichelewa kuitambua. Jicho la kulia lilifunikwa na mtoto wa jicho zamani. La kushoto, alisema, lilimwonyesha dunia kama mtu anayetazama jikoni kupitia moshi wa kuni mbichi. Hospitali ikampangia kupasuliwa lile la kushoto kwanza, na siku iliyopangwa ikaangukia siku ileile ambayo redio ilitangaza kwamba jioni yake mwezi ungepatwa wote, uwe mwekundu.

"Kwa hiyo nitakuwa nimefungwa bandeji," mama alisema. Akacheka. "Hata safari hii nitafungiwa ndani."

Alikuwa na maana yake. Alipokuwa msichana mdogo upande wa Sengerema, ng'ambo ya kivuko cha Busisi, mwezi ulipatwa, na bibi akawafungia watoto wote ndani, akawafunika kwa ngozi ya ng'ombe hadi mwezi ulipoachiwa. Mama alisikia tu sauti za watu wazima nje, wakisemezana kwa chini. Alipotoka, mwezi ulikuwa mweupe kama kila siku. Maisha yake yote amekuwa mtu aliyekuwepo mwezi ulipopatwa na asiuone.

"Niwekeeni," alisema. "Wakinifungua kesho yake, niutazame."

Tukasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kusema. Lakini ndani ya ahadi hiyo kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitamka: kwamba wakimfungua, ataona. Usiku nililala nikilifikiria. Jicho la mama sikuweza kulifungua nikakagua ndani kuna nini. Kamera niliweza. Basi hofu yangu yote nikaihamishia kwenye kamera.

Dada hupiga picha za harusi na sendofu. Kamera hiyo ndiyo inayomlisha yeye na wanawe, na alinipa kama mtu anayempa jirani mtoto mchanga ashike, mikono yake ikibaki hewani karibu. Alikuwa na betri mbili. Moja ilikuwa imevimba kama andazi, haiingii tena mahali pake. Nyingine ilikuwa na tabia ya kuonyesha imejaa, halafu ghafla inakata. Na kubadilisha betri katikati ya kazi haikuwezekana, kwa sababu kifuniko chake kiko chini ya kamera, palepale inapofungwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Ukitaka kukifungua lazima uing'oe kamera, na ukiing'oa hairudi pale ilipokuwa. Sisi tulitaka mwezi wote, tangu unapochomoza hadi unapoachiwa, kamera isisogee hata kidogo, ili mama aone ulivyotembea.

Tukapata betri bandia. Ni kipande cha plastiki chenye umbo la betri na mkia wa waya, unakichomeka ndani ya kamera, umeme unatoka nje. Siku ya kwanza hakikufanya lolote. Dada alikigeuza, akakipangusa kwa kitambaa, akakitukana. Mimi niliona kifuniko hakifungi sawasawa kwa sababu ya waya, na kamera hii kifuniko kikiwa wazi haiwaki. Pembeni palikuwa na kiziba kidogo cha mpira. Nilikivuta kwa ukucha, waya ukapita hapo, kifuniko kikafunga, kamera ikawaka. Nilipiga kelele hadi mama akauliza kutoka ndani nani kang'atwa.

Furaha hiyo haikufika mbali. Tulikuwa tumeunganisha waya kwenye pawabenki, ile betri ya mfukoni ya kuchajia simu, na kati ya picha moja na nyingine kamera hunyonya umeme kidogo sana. Pawabenki ikawa inadhani hakuna kinachochajiwa, inajizima.

"Inajifanya ina akili," dada alisema.

Tulichomeka na simu yangu, ili pawabenki ikose kisingizio cha kulala. Ikakesha kweli, lakini ikaisha mapema mno. Kwa mwezi unaopatwa, tungebaki gizani kabla haujawa mwekundu.

Usiku huo nilivuka sebuleni kwenda kunywa maji, nikaruka zile betri kubwa za sakafuni kama kawaida, na dada akanishika mkono.

"We mdogo wangu. Tunahangaika na kijibenki, na humu ndani tunalala na umeme wa ziwa zima!"

Zilikuwa betri za mama. Mama ana seti za taa anazokodisha kwa wavuvi wa dagaa kule mwaloni, ufukweni wanakoegesha mitumbwi. Wakati wa giza, ziwa lote huwa na taa kama mji wa pili. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalala kwao, na betri zinarudi nyumbani kwetu kupumzika, zimepangwa ukutani hadi karibu na mlango. Mwezi hupatwa ukiwa mpevu. Siku hiyo hakuna mvuvi ambaye angekuja kuziulizia.

Dada ndiye aliyeogopa baada ya kulisema mwenyewe. "Betri ile ina nguvu. Kamera ikiungua, maharusi nitawapiga picha kwa macho?"

Tulichukua kile kichwa ambacho wavuvi hukibana kwenye betri ili wachaji simu wakiwa majini, kinachotoa umeme mdogo wa simu. Kwa huo, betri bandia ilitosheka. Tulijaribu sebuleni kwa muda mfupi, dada akiwa amefumba macho. Haikuungua.

Siku yenyewe mama alirudi kutoka hospitali na bandeji nyeupe juu ya jicho, na amri tatu: asiiname, asibebe kitu, asiguse. Alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, uso ameuelekeza mbele, kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Jioni tulipanda kwenye jiwe tukalipa ziwa mgongo, maana mwezi huchomoza upande wa milimani. Betri nilibeba ile iliyokuwa karibu na mlango, nikaiacha chini ya jiwe mahali tambarare, nikaunga waya wa kuongezea urefu hadi kwenye kamera. Mwezi ukatoka, mkubwa, wa manjano, mbingu bado ina samawati. Picha ya kwanza. Ya pili. Nilianza kupumua.

Kisha ukingo wa mwezi ukaliwa kidogo. Kutoka msikitini kule bondeni kipaza sauti kiliwaita watu kwenye sala ya kupatwa kwa mwezi. Kadiri ulivyoliwa, mwanga ulipungua, na kamera ikahitaji kufungua jicho lake kwa muda mrefu zaidi kwa kila picha. Nikaongeza muda. Nikabonyeza. Ikazima.

Niliwasha, ikawaka. Nilibonyeza, ikazima.

"Fanya haraka," dada alisema.

"Nifanye haraka nini?"

"Sijui! Lakini haraka."

Juu, mwezi uliendelea kuliwa bila kutusubiri. Nilikaza vibanio. Nilichomoa, nikachomeka. Kila mara ule mwanga wa kioo ulipotokea moyo ulipanda, na kila mara ulipokufa nilimwona mama kesho yake, amefunguliwa, anashika kamera tupu. Au, na hili lilikuja bila kuitwa, anashika kamera yenye picha zote na haoni kitu.

"Imefika wapi?" mama aliita kutoka barazani.

"Karibu nusu, mama," nilijibu. Ilikuwa imepita nusu.

Alisikia sauti yangu. Akaja, akipapasa ukuta, dada akakimbia kumshika.

"Mmechukua betri ipi?"

"Ya karibu na mlango."

"Hiyo! Wameirudisha juzi, haijachajiwa. Mbalamwezi nani anachaji? Tunachaji giza likikaribia. Kachukueni ya mwisho ukutani, chini ya kalenda. Hiyo naiweka imejaa kwa taa ya ndani."

Ndivyo tulivyokuwa tumekosea, sisi tuliokulia katika nyumba hiyo. Tulidhani betri iliyopumzika ni betri iliyoshiba. Dada alirudi na nyingine ameikumbatia. Tukaunganisha. Picha moja ikapita, na nusu ya picha ya pili, halafu giza.

Mwezi ulikuwa umebaki ukucha.

Nilijilazimisha kukaa chini. Kamera inawaka, maana yake umeme unafika. Inakufa inapohitaji mwingi, maana yake mwingi haufiki. Betri imejaa. Basi unapotelea njiani. Nikatazama njia: ule waya wa kuongezea urefu, mwembamba kama uzi wa kushonea, ukishuka mwambani. Nikauchomoa.

"Sasa betri itafika vipi?" dada akauliza. Waya uliobaki ulikuwa mfupi, unaning'inia chini ya kamera. Ilibidi betri iinuliwe, na juu ya jiwe lile lenye mteremko hapakuwa na pa kuiweka.

"Leteni kiti changu," mama alisema.

"Mama, daktari kakataza kubeba."

"Kakataza kubeba. Kupakata hajakataza."

"Mama..."

"Unabishana na mimi au na mwezi?"

Tulimpandisha taratibu, dada mbele, mimi nyuma. Akakaa kwenye kiti chini ya stendi, nyayo zake zikikizuia kisiteleze. Tukamtandikia khanga mapajani, tukaiweka betri juu yake, akaikumbatia kwa mikono yote miwili. Nikachomeka. Nikabonyeza. Kamera ikafungua jicho lake, ikakaa hivyo, ikakaa, kisha ikafunga. Kwenye kioo kulikuwa na mwezi mdogo mwekundu.

Hatukushangilia. Nafikiri tuliogopa kuishtua.

Kutoka hapo hadi mwezi ulipoachiwa mama hakusogea. Uso wake ulielekea kulekule ulikokuwa mwezi, bandeji yake ikiwa kitu cheupe kuliko vyote mle gizani.

"Mwekundu wa namna gani?" aliuliza.

Dada alifikiri. "Kama chai ya rangi, ukiishika kwenye glasi mbele ya taa."

"Iliyokolea?"

"Iliyokolea, mama."

Akakubali kwa kichwa. Baadaye akasema, "Hii betri inatetemeka."

"Betri haitetemeki, mama."

"Basi ni mimi."

Dada alikaa kwenye mwamba, akaegemea goti la mama.

Asubuhi hospitalini tulipanga foleni na wazee wengine wenye bandeji. Nesi alimwita mama, akamketisha karibu na dirisha, akabandua plasta pole pole. Mama aliweka jicho wazi, likatoa machozi, akapepesa. Nesi alinyoosha vidole, mama akavitaja. Nilitaka kuamini lakini vidole mtu anaweza kubahatisha.

"Iko wapi?" mama alisema.

Dada akampa kamera, akamwonyesha kitufe cha kusogeza. Mama aliisogeza mbali, kisha karibu, kisha mbali tena.

"Mbona mdogo hivi?"

"Ndiyo lenzi iliyopo, mama," dada alisema.

"Mdogo. Lakini mwekundu kweli." Akasogeza mbele, akarudi nyuma, akapita pale ambapo picha zilikosekana na mwezi uliruka kutoka mweupe hadi mwekundu, akaguna. Akarudi mpaka picha ya kwanza, ile ya jioni. Hapo akasimama. Akakisogeza kioo hadi karibu kiguse pua.

"Na huu waya ni wa nani?"

"Waya upi?"

"Huu hapa. Umepita katikati ya mwezi."

Tuliinama wote wawili juu ya bega lake. Tulikuwa tumeitazama picha ile usiku kucha nyumbani, na asubuhi ndani ya gari, tukaisifu. Sasa tuliitafuta, dada akakunja uso, mimi nikaziba mwanga wa dirisha kwa kiganja. Waya wa umeme wa jirani, mwembamba kama unywele, ulikuwa umeukata mwezi pande mbili.

"Haya, macho yenu mnayafanyia kazi gani?" mama alisema.