Hajira wa Kwaluguru na Alama Kumi na Nane

Hajira Kibwana alipokabidhiwa karatasi yake ya majibu pale Korogwe, aliisoma mara mbili, kisha akacheka.

"Dokta, hii karatasi hainijui."

Dokta Yordani, mtafiti kijana ambaye kila wakikutana humwamkia shikamoo, hakuelewa. Utafiti wake ulitumia vinasaba kubashiri nani yuko katika hatari ya kupata kisukari kabla hajaugua. Watu, wazima kwa wagonjwa, walitoa damu, ikasomwa, na kila mmoja akapewa alama kati ya sifuri na mia. Hajira alipata kumi na nane. Hatari ndogo.

"Mwaka wa sita huu nameza dawa za sukari," Hajira alimwambia. "Mama yangu alikatwa mguu. Kaka zangu wawili wamekufa kwa ugonjwa huohuo. Sasa hatari ndogo hii ni ya nani?"

Yordani akaeleza kwamba tunarithi kwa wazazi vinasaba vingi vinavyoongeza hatari, kila kimoja kidogo sana, na alama ni jumla yake. Tena alama ndogo haimhakikishii mtu kwamba hataugua. Hajira alimsikiliza hadi mwisho. Ni mhudumu wa afya ya jamii kwa miaka kumi na minne, anajua kumwacha mtu amalize.

"Mlijuaje kila kimoja kinaongeza kiasi gani?"

"Tulilinganisha watu wengi, wagonjwa na wazima."

"Wa wapi?"

"Wengi wao wa Ulaya, mama."

Hajira hakupandisha sauti. Alimwambia wapo wagonjwa tisa wa kijijini kwake Kwaluguru, Handeni, waliotoa damu siku moja naye, akaahidi kuwaomba ruhusa ili alama zao ziangaliwe. Wote walikubali. Wiki iliyofuata Yordani alimpigia simu: saba kati ya tisa walikuwa na alama chini ya thelathini.

"Kipimo hiki hakiwatoshi watu wa huku," alikiri. "Tunahitaji damu ya maelfu. Nisaidie, mama."

Kazi ikaanza. Hajira alipalilia mahindi yake asubuhi, mchana akaingia nyumba kwa nyumba, akiongea Kizigua na wazee na Kiswahili na vijana. Penye uvumi kwamba damu inauzwa, aliketi mpaka maswali yakaisha.

Kwenye boma la Moringe, mfugaji wa nyanda kavu za Handeni, swali lilikuwa moja: "Damu yangu ikitoka hapa inakwenda wapi?"

"Sijui vizuri," Hajira alijibu. "Tumuulize mwenyewe."

Akampigia Yordani, akaweka sauti kubwa. Boma zima likasikia maabara ni ipi, nani anatunza majina, na damu itakaa muda gani.

"Na majibu yatarudi?" Moringe aliuliza.

Yordani alitaka kujibu, Hajira akamtangulia. "Yasiporudi, simletei mtu mwingine hata mmoja. Mwambie mkubwa wako aandike hivyo."

Iliandikwa. Moringe akasogeza shuka yake, akanyoosha mkono. Nyuma yake wakapanga foleni wake zake na ndugu zake wote.

Ilichukua miaka mitatu. Watu elfu mbili na mia nne walitoa damu, hesabu za alama zikafanywa upya kwa damu hiyo, na majibu yakaletwa kwao kwenye mkutano Korogwe, katika ukumbi mmoja wa kata ya Kilole. Yordani alisema wazi kwamba kipimo kipya bado kinakosea, ila sasa kinawatambua wagonjwa wa huku vizuri zaidi kuliko kile cha kwanza. Hajira aliomba alama yake isomwe mbele ya watu.

"Sabini na tisa," Yordani alisoma.

Ukumbi ulipiga makofi. Hajira aliinuka, akanyoosha kanga yake, akasema hajapigiwa makofi kwa kuwa mgonjwa, amepigiwa kwa kuwa alibisha.

Binti yake, Yusra, alipata themanini na tatu. Hajira alimpeleka pembeni kupimwa sukari, ikawa ya kawaida.

"Mimi niligundua nimeshachelewa," alimwambia. "Wewe umejua mapema. Utapima kila miezi sita, na soda basi."

"Na chai, mama?"

"Chai unywe. Sukari ndiyo uache."

Mlangoni Moringe alikuwa akimtambulisha Hajira kwa wageni ambao hata hawakumuuliza. "Huyu mama ni wa kwetu Handeni," alisema. "Madaktari walirudia hesabu kwa sababu yake."