Nilisugua Mtungi Aliokuja Kuuona Mwalimu wa Mwanangu

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi marahaba. Nawasalimu wote mnaosoma hapa, akina mama, akina baba na vijana. Huku kwetu Newala, upande wa Kitangari, tunaendelea. Baba watoto hajambo, ila kifua kimembana tangu alipopuliza salfa kwenye mikorosho. Mwanangu wa pili hajambo na mkewe, mjukuu wangu ameota meno mawili. Wifi yangu wa Mnyambe naye mzima, mtamsikia humu. Mimi ndiye mwenye sijambo ya mdomoni tu. Jina langu naomba usiliweke.

Nina miaka hamsini na mbili, shule niliishia darasa la nne. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, nakamua, natengeneza uraka, pombe yetu ya huku. Watu wanaufuata uraka wangu kutoka mbali kwa sababu unatulia, uchafu wote unazama, juu unabaki mwangavu. Ujuzi huo si wangu. Marehemu mama mkwe alinipa mtungi wenye mashapo yaliyokaukia chini akaniambia, "Huu unasuuzwa, hausuguliwi. Ukiusugua umeua." Mashapo hayo ndiyo yanayochachusha mabibo ya mwaka unaofuata.

Binti yangu mkubwa, nitamwita Somoe, yuko chuo kikuu, anasomea viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwaka juzi alichukua mashapo yangu kwenye kichupa akaenda kuyapima. Likizo aliporudi alinieleza tukiwa tunabangua korosho.

"Mama, hii chachu yako ni viumbe hai. Kila kimoja kina ukuta kama nyumba, na kwenye ukuta kuna protini zimechomoza kama vidole. Sukari ikiisha wanashikana vidole, wanakuwa mafungu, wanazama. Chachu nyingine hazina vidole hivyo, zinaelea tu." Akasema zina protini nyingine zinazoulegeza ukuta kidogo ili kiumbe kikue, kichipue mtoto ubavuni.

Nikamuuliza, "Na baba yao nani?"

"Hawana baba, mama."

"Basi wamepumzika."

Tulicheka mpaka baba yake akauliza anachekwa nani. Siku ile nilijisikia mtu. Mimi wa darasa la nne, mtungi wangu unasomwa chuo kikuu. Akaniambia kitabu chake cha kumalizia masomo kitakuwa na jina langu.

Msimu huu mabibo yalipoanza kudondoka, Somoe akapiga simu kuwa mwalimu wake, mama mmoja wa bara huko, anakuja kuuona mtungi na kuchukua mashapo kwa mkono wake ili kazi ithibitike. Somoe mwenyewe asingekuja, alikuwa na mitihani. Nilifagia uwanja, nikaazima viti. Jirani yangu akachungulia mtungi akasema, "Mama Somoe, huyu msomi utamwonyesha huu ukoga? Atasema Wamakonde hatuoshi vyombo." Ndugu zangu, maneno yale yaliniingia. Sijui akili yangu ilikwenda wapi. Maji huku kwetu ni ya kufuata mbali, lakini nilichemsha ndoo nzima, nikasugua na majivu na sabuni mpaka udongo ukawa mwekundu kama umetoka kufinyangwa. Nilipomaliza, nikiwa nimeuinamisha ukauke, ndipo nikamsikia mama mkwe kichwani. Nikakaa chini.

Zilikuwa zimebaki siku mbili mgeni afike. Nikakamua mabibo, nikatia hamira ya dukani, ya maandazi. Ikaumuka vizuri tu, ila haikutulia.

Mwalimu akafika, ana adabu, akanipa shikamoo yangu. Akauangalia uraka akauliza, "Mama, mbona huu una ukungu, si mwangavu?"

Nikamjibu, "Bado mchanga, mwanangu."

Akachota mashapo machache ya chini akatia kwenye vichupa vyake, akaandika juu yake, akapiga picha mimi na mtungi. Nikacheka kwenye picha.

Wiki iliyopita Somoe akanipigia analia. Chachu aliyorudi nayo mwalimu haishikani, vidole vile havimo. Mwalimu anasema basi chachu ya mwanzo haikutoka kwetu, Somoe alichanganya vichupa. Jumatatu anatakiwa asaini barua kukubali kosa, aanze upya, miaka miwili yote ipotee. Akaniambia, "Mama, nimemwambia mwalimu kuwa mama yangu hajawahi kunidanganya. Labda kweli nilichanganya mimi."

Nikasema, "Pole mwanangu, Mungu atafungua njia." Hilo ndilo nililosema. Nilikuwa na nafasi, nikasema hilo.

Kesho yake nikaenda Mnyambe kwa wifi yangu, kwa sababu mama mkwe alimgawia naye mashapo yaleyale na mtungi wake hajausugua. Nilitaka nimpelekee Somoe, niseme yalibaki kwangu kwenye kibuyu. Wifi akanisikiliza, akafunika mtungi wake kwa ungo, akakaa karibu nao.

"Mashapo nitakupa hata sasa hivi. Lakini piga kwanza simu kwa mwanao mbele yangu, umwambie yametoka wapi na kwa nini."

"Wifi, atanionaje?"

"Atakuona umekosa. Sasa hivi anajiona yeye ndiye kakosa, hilo unaliona jema?"

Nilirudi mikono mitupu, nimemkasirikia njia nzima, na sasa sioni alipokosea.

Ninachoogopa ni hiki. Nikisema, Somoe atalazimika kumwambia mwalimu wake kuwa mama yake alimdanganya mgeni usoni. Hatamleta tena mtu nyumbani kwetu. Nisiposema, atasaini. Yuko jirani mwingine mwenye mtungi wa aina hiyo, naweza kumwomba kimyakimya, lakini sijui kama ni chachu ileile.

Nyie wenye watoto waliosoma kuwazidi, mngeanzaje kulisema jambo hili? Niandikieni mapema. Jana Somoe amenitumia ujumbe, "Mama usiwaze, kula, lala, kosa ni langu." Sijaujibu mpaka sasa, na Jumatatu ni keshokutwa.