Setingi Zibaki Kama Zilivyo

Juzi nilikuwa kwa fundi kompyuta hapa Mbeya mjini, nikisubiri printa yangu, alipoingia mama mmoja wa makamo. Alikuwa amebeba kompyuta ya nyumbani iliyofungwa kwa kitenge, ametoka nayo Igawa.

Fundi aliiwasha, akaichunguza. "Mama, imejaa virusi. Lazima niifute niweke programu upya. Mafaili yako nitayahifadhi."

"Na setingi?"

"Hizo utapanga tena mwenyewe, ni kazi ndogo tu."

"Hapana, baba. Naomba zibaki kama zilivyo."

Fundi akashika mausi, akabofya, akaguna. "Mbona vitufe vimegeuzwa? Cha kulia kinafanya kazi ya cha kushoto. Ngoja nikurekebishie."

"Usiguse!"

Sote tuligeuka. Mama akashusha sauti. "Mume wangu alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Tulimzika mwaka jana. Nguo zake ndugu waligawana, hata viatu. Pale nyumbani nimebaki mimi na hiyo kompyuta."

Fundi alichomeka flashi, akanakili setingi zote, ndipo akafuta, akaweka programu upya na kuzirudisha. Alipomaliza alimsogezea mama mausi ajaribu. Mama aliihamishia upande wa kushoto, akabofya taratibu kwa mkono asiouzoea, akatabasamu peke yake.

Mimi nina bakapu ya picha za harusi, za ubatizo, hata za mbwa wetu. Sikuwahi kuwaza kwamba mkono wa mtu nao unaweza kuhifadhiwa.